Salamu za Mama Mdogo

Kila Jumapili, mama akitoka misa ya kwanza kijijini kwetu nje ya Kasulu, alinipigia simu. Kwangu Macquarie Fields, pembezoni mwa Sydney, ilikuwa saa kumi jioni. Habari zake zilikuwa na mpangilio usiobadilika: kwanza waliozaliwa, halafu waliooa, halafu mvua na maharage, mwisho wagonjwa. Mama mdogo, mdogo wake wa tumbo moja, alikaa pembeni akimsahihisha. Walikuwa wakiishi pamoja tangu wote wawili wafiwe na waume. "Si mapacha, dada, ni mmoja tu!" Sauti yake niliisikia kuliko ya mama mwenyewe, maana aliamini Australia ni mbali na lazima mtu apaze sauti ndipo ifike.

Mwaka wa pili wa korona, Sydney ikiwa kwenye baridi, sehemu ya wagonjwa ikaanza kurefuka. Katekista anakohoa. Mke wa mwalimu amelazwa, wanasema nimonia. Mzee wa jirani amezikwa Alhamisi, na mmoja wa waliomchimbia kaburi naye kifua kinambana. Mama aliyaita mafua makali ya kiangazi, akahamia kwenye habari nyingine.

Mimi nilikuwa nikifanya kazi kwenye nyumba ya kutunzia wazee, Lidcombe. Tulifundishwa huko kumsikiliza mzee anavyoongea: akishindwa kumaliza sentensi bila kuvuta pumzi, mwite nesi. Jumapili moja ya Julai nilimsikia mama akisema, "Maharage... tumeshavuna... yote." Nikaacha kukoroga uji.

"Mama, unaumwa?"

"Vumbi tu, mwanangu."

"Nipe mama mdogo niongee naye."

"Ameenda kuteka maji. Anakusalimu sana."

Sikulala vizuri wiki ile. Mipaka ilikuwa imefungwa. Sikuruhusiwa kwenda hata Parramatta, hapohapo Sydney, bila sababu maalumu, sembuse Kasulu. Asubuhi nilivaa barakoa, nikapanda treni tupu kwenda kazini, nikawasikiliza wazee wa watu wanavyopumua huku nikimwaza mama yangu.

Alhamisi nikapigiwa simu kwamba kipimo nilichopimwa kazini kimeonyesha korona.

Nyumbani tulikuwa wawili tu, mimi na binti yangu wa miaka tisa. Nilijifungia chumbani, yeye akabaki sebuleni na televisheni. Jirani yangu, mama wa Kikongomani tunayesali naye kanisa moja, alileta chakula kila mchana, akakiweka chini na kuita kutoka barabarani, "Dada, sombe iko hapa mulangoni! Kula, hata kidogo!" Sombe kwao ni kisamvu. Idara ya afya ilinitumia kile kidude cha kubana kidole kinachopima oksijeni. Nesi aliyekuwa akinipigia kila siku aliniambia ikishuka chini ya tisini na mbili nisimsubiri yeye, niite ambulensi.

Homa niliweza kuivumilia. Hofu yangu ilikuwa ambulensi. Wakinichukua, mtoto atabaki na nani? Nani ataruhusiwa kumgusa? Kila asubuhi alikuja kukaa sakafuni upande wa pili wa mlango akiuliza kwa Kiingereza chake namba ni ngapi leo. Siku kidude kiliposoma tisini na tatu, nilimwambia tisini na sita.

Jumapili iliyofuata mama alipopiga, sikupokea. Nilijua angenisikia. Simu ikakatika, kisha nikasikia tableti ya mtoto ikiita sebuleni. Binti yangu anaelewa Kiswahili, ila humjibu bibi yake kwa Kiingereza, nami ndiye mkalimani. Siku ile hakuwa na mkalimani. Nilisikia sauti yake ikitoka taratibu, neno moja moja:

"Bibi, mama iko mgonjwa. Mama iko na korona. Mimi naogopa."

Nilishuka kitandani nikatambaa hadi mlangoni, nikaweka shavu sakafuni. Nilitaka kupiga kelele kwamba si kweli, nikashindwa kwa kikohozi.

"Mjukuu wangu," mama akasema, "nenda ukakae pale mlangoni kwa mama yako. Umefika? Haya, tuombe." Akaanza kuomba. Katikati ya sala alikohoa kwa muda mrefu, akaomba radhi kwa Mungu, akaendelea.

Tangu hapo alipiga kila siku. Hakuniuliza kwa nini nilimficha. Alinipa habari za kijiji chote, nami nilisikiliza tu. Kila mara nilimuulizia mama mdogo. Yuko shambani. Amelala. Ameenda kumjulia hali katekista. "Anasema unywe maji ya tangawizi na usilalie mgongo," mama aliniambia siku moja, nami nikageuka nikalala kifudifudi kama nilivyoagizwa.

Siku ya tisa, asubuhi, kidude kilisoma tisini. Nikapasha kidole joto kwa pumzi, nikapima tena. Themanini na tisa. Kucha zangu zilikuwa na rangi ya samawati. Nilipiga simu ya ambulensi, kisha nikampigia jirani.

Walikuja wawili, wamevaa mavazi ya plastiki kichwa hadi miguu. Binti yangu aliwaona akaanza kulia, akiniuliza kama nitarudi. Nimewavalisha wazee wa watu soksi zao za mwisho. Najua jinsi mtu anavyotoka nyumbani akidhani anarudi. Jirani yangu alikuwa ameshasimama kibarazani na barakoa mbili, moja juu ya nyingine. Wakamwonya kwamba akimchukua mtoto atafungiwa naye ndani wiki mbili.

"Tufungiwe," alisema. Kisha akanigeukia. "Mutoto ni wetu. Weye nenda upumue."

Nilikaa hospitali siku sita na mipira ya oksijeni puani. Kitanda cha mgonjwa aliyelala karibu nami kiliondolewa siku ya pili, na sikuthubutu kuuliza kilikopelekwa. Mama alipiga. Nilipokea nikaiweka simu kifuani, naye alijua siwezi kuongea. "Salamu kutoka kwa mama mdogo," alimaliza kila mara.

Wiki mbili baada ya kurudi nyumbani, mama aliniuliza kama naweza kupanda ngazi bila kusimama. Nikamwambia naweza.

"Basi kaa chini, mwanangu."

Mama mdogo alikuwa amefariki Jumapili ileile niliyoambiwa ameenda kuteka maji. Mama ndiye aliyetangulia kuugua, na mdogo wake akamuuguza, akamfukiza kwa majani ya mwarobaini, akalala naye chumba kimoja. Mama akapata nafuu, yeye akaanguka. Siku nne tu. Alifariki alfajiri, na mama alinipigia saa ileile ya kila wiki ili nisishtuke.

Nilikasirika. "Ulinipa salamu zake mwezi mzima, mama! Salamu za marehemu!"

"Ningekuambiaje?" Sauti yake ilikuwa ndogo. "Siku ile nilikuwa najipanga kukuambia Jumapili inayofuata. Jumapili ikafika, mtoto akasema unaumwa. Nimemzika mdogo wangu. Nikaogopa kukuzika na wewe kwa mdomo wangu mwenyewe."

Tulilia wote wawili, yeye kule, mimi huku, na hakuna aliyekata simu. Alinieleza mazishi tangu mwanzo: waliokuja, waliobeba, wimbo ulioimbwa, na kwamba walikuwa wachache kwa sababu kila nyumba ilikuwa na mgonjwa wake.

Mipaka ilipofunguliwa nilimchukua binti yangu tukaenda. Gari lilisimama chini ya kilima, na mama akatoka ndani na fimbo ambayo hakuwahi kunitajia. Katikati ya uwanja alisimama, akajifanya anawafukuza kuku. Mabega yalikuwa yakipanda na kushuka kwa kutafuta pumzi. Binti yangu alitaka kukimbia kumlaki, nikamshika mkono. Nilirudi kwenye gari, nikainama nikatafuta mzigo ambao haukuwepo, hadi niliposikia fimbo ikianza tena kugonga ardhi.