Mtu wa Treni ya Watalii

Reli ya zamani inapita bondeni, hatua chache nyuma ya jiko letu hapa Changamwe. Siku hizi haibebi mizigo. Kila Jumamosi hupita treni ya watalii, mabehewa yamepakwa rangi upya, na wageni hutupiga picha sisi na kamba zetu za nguo. Mama hupenda kuwapungia mkono. Mimi sikuwapenda hata kidogo. Nyumba yetu imesimama kwenye ardhi ya reli, na sikuamini kwamba picha ya nyumba kama hiyo hupigwa bure.

Basi nilipomkuta mlangoni kijana mwenye faili, shati limechomekwa, nilimzuia kizingitini. Mama alikuwa kanisani.

"Samahani kaka, hapa ndipo anapokaa mjane wa yule fundi wa reli?"

"Wamtakiani?"

"Nimetumwa na watu wa treni. Nahakikisha majina tu."

Majina tu. Mimi kazi yangu ni kutoa mizigo bandarini Kipevu, nawajua watu wa majina tu. Na huku bondeni tuna dawa yao. Notisi ya kubomoa hukabidhiwa mwenye nyumba mkononi. Akiwa marehemu, lazima watafutwe warithi, na warithi huchukua miaka kupatikana. Majirani wawili walishawafisha baba zao hivyo kwa mdomo tu, wazee wenyewe wakiwa hai, na nyumba zao zingali zimesimama.

"Mama alishatutoka," nikamwambia.

Akanipa pole, akaandika, akaenda zake. Nilijiona mjanja kweli. Mama sikumwambia.

Jumamosi iliyofuata treni ilisimama papo hapo nyuma ya jiko, jambo isilowahi kulifanya. Madirishani hamkuwa na wageni. Walijaa wanawake wazee waliovaa vitenge vya sare, wajane wa mafundi wa reli kutoka stesheni za bara, wakitembezwa kwenye njia waliyoitunza waume zao. Kipaza sauti kikaomba dakika moja ya kimya kwa waliotangulia. Likatajwa jina la baba. Kisha la mama.

Mama alishusha mkono aliokuwa akiwapungia.

"Mwanangu, mbona wanitaja mimi?"

Niliona aibu. Treni ilikuwa bado imesimama. Ningepaza sauti, wangemngoja apande. Lakini yule kijana wa faili alikuwa dirishani, anatutazama, nami bado sikumwamini. Nikamshika mama mkono, nikamrudisha ndani.