Sahani ya Mama Hairudi Tupu

Wenzangu mliolelewa Lamu kabla ya simu za mkononi, mwaijua ile saa ya jua kupoa, kina mama wanapoanza kuita watoto. Hatukuitwa kula, ngoja kwanza! Tuliitwa kupeleka sahani. Mama yangu alikuwa na sahani moja ya maua ya buluu, akiifunika kwa kitambaa alichokidarizi mwenyewe, na ndani mna mkate wa sinia, au mbaazi za nazi, au samaki wa kupaka ambaye harufu yake ilinitesa njia nzima.

Njia yenyewe kichochoro. Punda akija na mzigo ilibidi nijibandike ukutani, sahani kichwani. Juu yangu palikuwa na wikio, kile chumba kilichovuka njia kuunganisha nyumba ya babu na ya shangazi, wanawake watembeleane bila kushuka. Babu alisema wazee walijenga hivyo ili undugu usipigwe na jua. Sijui kama ni kweli, babu alipenda maneno.

Na sahani ilirudi na kitu: ndimu, embe, hata kipande cha sukari guru. "Sahani ya mtu hairudi tupu," Mama alikuwa akisema. "Ukiirudisha tupu, umemwambia sikutaki." Mwaka mmoja aligombana na Bi Zuhura wa mlango wa pili, sahani ikarudi tupu kabisa! Nyumba mbili hazikusemezana mpaka Idi.

Nyumba ile haipo tena mikononi mwetu. Boriti zilioza, kaka zangu wakauza, na sasa wageni hulala chumba alichonizalia Mama, wakipiga picha zidaka, vile vishubaka vya ukutani, kwa asubuhi nzima. Mama nikamleta kwangu bara, Ruiru karibu na Nairobi, huku Gatongora, ghorofa ya tatu. Wiki ya kwanza tu akapika mbaazi, akaifunika ile sahani, akanituma kwa jirani. Mimi, mwanamke mwenye mvi! Mwanangu Salim akamcheka bibi yake: "Shosho, siku hizi watu wanaorder kwa simu." Watoto wa leo mlango wa jirani wanaujua kwa namba tu.

Jirani, Mama Njeri, alipokea kwa furaha. Kesho yake akairudisha imesuguliwa kwa steelwool, inanukia sabuni, inang'aa. Na tupu.

Mama aliishika muda mrefu. "Nimemkosea nini?" aliniuliza. Nikamweleza kwamba huku kurudisha chombo kisafi ndiyo adabu. Akaitikia kwa kichwa, lakini hakuamini. Alituma tena, na tena, na kila mara sahani ilirudi ikimetameta. Mwishowe akaacha kupika. Akawa anakaa dirishani akiniomba nimrudishe kwetu, na mimi sikuwa na kwetu pa kumrudisha. Iliniuma, wallahi. Kisha akaanza kusahau: kwanza siku, halafu jina la Salim, halafu langu.

Juzi nilikutana na Mama Njeri kwenye ngazi, akaniuliza mbona siku hizi sahani haiji. Nikamwambia yote. Akashika mdomo. "Woi! Na mimi nilikuwa naiosha hivyo ndio cucu aone namheshimu!" Cucu kwao ni bibi.

Jana jioni akabisha hodi. Sahani aliyorudisha mwisho ilikuwa kwangu kabatini, kwa hiyo alileta yake, imefunikwa kitambaa cheupe, na ndani mukimo wa moto, viazi na mahindi vilivyopondwa pamoja, rojo la kuku pembeni. Akapiga magoti mbele ya kiti cha Mama. "Cucu, nimerudisha sahani. Unisamehe, nilichelewa."

Mama akafunua kitambaa. Akanusa. Uso wake ukafunguka, uso ambao sikuwa nimeuona tangu tulipotoka kisiwani. Akamshika Mama Njeri shavu. "Zuhura," akasema, "nilijua utakuja."

Mama Njeri akanitazama, machozi yamemjaa, kisha akajibu, "Nimekuja, Mama."

Wakala pamoja, kwa mkono. Enzi zetu jambo hili lilikuwa la kila siku, hata hatukulishukuru. Siku hizi nimeliona mara moja tu, nikaenda kulia jikoni. Niliporudi Mama alikuwa ameelekeza sikio dirishani, ambako malori yalikuwa yakinguruma barabara kuu kwenda Thika.

"Mwanangu," akaniambia, "bahari yavuma leo. Tumefika lini?"

Nikamwambia, "Sasa hivi, Mama."