Mnada wa Kokwa za Maembe

Maembe yakianza kuoza, Tabora yote hunuka pombe. Wageni huisifu miembe yetu, hupiga picha chini yake, kisha hupanda treni na kuondoka kabla nzi hawajafika. Sisi tunaobaki tunateleza kwenye maganda uani, tunafukuza nzi kwenye chai, na popo wanatuangushia maembe mengine juu ya bati tukiwa tumelala. Nilipofika mjini kutoka Bukene, nikiwa na miaka mitano, msimu huo ulikuwa umepamba moto, na harufu hiyo ndiyo kumbukumbu yangu ya kwanza ya nyumba tuliyoishi na mama. Nilishuka kwenye treni nimeshikwa mkono na mjomba, nikiwa na maneno mawili tu ya Kiswahili: shikamoo na sitaki. La kwanza nilifundishwa njiani. La pili sijui nililitoa wapi, lakini ndilo nililolitumia zaidi.

Bukene nililelewa na bibi tangu nilipoachishwa ziwa, na kwa bibi kulizungumzwa Kinyamwezi tangu salamu ya mwangaluka asubuhi hadi usingizi utuchukue. Mama alikuwa fundi cherehani kwenye baraza la duka la vitambaa la mzee mmoja wa Kihindi karibu na soko, na alishona tangu duka linapofunguliwa mpaka linapofungwa. Tuliishi kwa dada yake, mama mkubwa, ambaye naye alishinda sokoni. Hapakuwa na mtu wa kukaa nami mchana, kwa hiyo mama aliniombea nafasi ya chekechea. Mwalimu akamwambia bila kumung'unya maneno kwamba mtoto asiyeweza kujieleza hamchukui. Anilete tena shule zikifunguliwa Januari, anisikilize. Nikishindwa kuongea, nirudi kwa bibi mwaka mwingine mzima. Nilimpenda bibi, lakini mama nilikuwa nimempata juzi tu. Nilikuwa nalala nimemkumbatia mgongo, na kila nilipoamka nilihakikisha kwanza kama yupo. Sikutaka kurudi Bukene.

Mama alianza masomo jioni ileile. Alipanga kijiko, kikombe na kitana juu ya mkeka, akanyanyua kimoja kimoja. “Sema kijiko,” aliniambia. Kijiko nilikijua. Bibi naye alikuwa na vijiko. Sikuona kwa nini mtu mzima aniulize kitu alichokishika mwenyewe, na Kiswahili cha kumwuliza sikuwa nacho, maana Kinyamwezi hakikuruhusiwa masomoni, basi nikafunga mdomo. Kesho yake tena kijiko, keshokutwa tena kijiko. Mama alikuwa amechoka, macho mekundu kwa kufuatisha uzi mchana kutwa, na mimi nilikuwa nimechoka kuonyeshwa vyombo. “Mwanangu, utanitia kichaa,” alisema siku moja, huku machozi yakimlengalenga. “Sema basi hata nusu yake.” Nikasema sitaki.

Aliyenifungua mdomo ni Mwajuma, binti wa mama mkubwa, na wala hakuwa na nia ya kunisaidia. Alikuwa na miaka minane na ubabe wa mtu wa miaka hamsini. Baba yake alikuwa mchuuzi wa ng'ombe, na Mwajuma alikuwa ameishi naye Igunga, akazoea kumfuata mnadani. Kutoka huko alituletea mchezo. Kokwa ya embe iliyokauka ilichomekwa vijiti vinne, ikawa ng'ombe. Kila mtoto wa pale uani alikuwa na kundi lake. Ukitaka kuuza, unamsifu ng'ombe wako. Mnunuzi anamtoa kasoro, na kila kasoro lazima uijibu. Jibu ulilokwisha kulitoa halirudiwi. Ukinyamaza, mnunuzi anapiga makofi matatu na kumchukua ng'ombe bure. Nikijibu kwa Kinyamwezi, Mwajuma aliangalia juu ya paa na kusema, “Mnunuzi hajasikia.” Kisha makofi, pa, pa, pa, ng'ombe wangu amekwenda.

Siwezi kueleza jinsi mchezo ule ulivyonikera. Nilikula maembe mpaka tumbo likauma ili nipate kokwa mpya, nikazianika, nikazichomeka miguu, na kabla ya adhuhuri zote zilikuwa kwenye zizi la Mwajuma. Nililia, nikamng'ata, nikachapwa, na kesho yake nikarudi pale pale. Nilikaa pembeni nikiwasikiliza wenzangu wakitukaniana ng'ombe. Huyu ana kikohozi. Huyo hakohoi, anacheka. Huyu pembe zimepinda. Zimepinda ili asikuchome wewe. Usiku nilijirudishia majibu yale kimoyomoyo, na siku moja Mwajuma alipomgeuzageuza ng'ombe wangu wa mwisho na kusema anachechemea, hasira zilinipanda hadi utosini. “Hachechemei!” nikapiga kelele. “Amechoka! Ametembea kutoka Bukene, na wewe hujampa hata maji!” Mwajuma aliinua mikono kupiga makofi, akakumbuka kwamba nimejibu, akaishusha. Tangu siku hiyo nilibishana mpaka mama mkubwa akaomba tumpe japo dakika moja ya kupumzisha masikio.

Mama hakuamini. Jioni, akininyanyulia kijiko, bado sikusema kitu, maana kijiko hakikuwa na la kubishaniwa. Kwa hiyo Januari tulipokwenda kwa mwalimu, mama alitembea kama mtu anayekwenda msibani. Mwalimu aliniuliza jina, nikanyamaza. Akaniuliza ninakaa wapi, nikanyamaza. Mama alinifinya begani. Hapo mwalimu akatoa picha ya ng'ombe, iliyokatwa kwenye kalenda, akaninyanyulia. “Haya, huyu ni nani?”

Niliona kwamba mwalimu huyu anauza ng'ombe. Niliinama, nikamkagua ng'ombe wake mkia hadi pua. “Amekonda,” nikasema. “Mbavu zinahesabika. Unamlisha nini?”

Mwalimu alimtazama mama, akanitazama mimi. “Hajakonda. Ndivyo alivyopigwa picha.”

“Hilo si jibu,” nikamwambia. “Na jicho hili moja mbona linalia?”

Mwalimu alibaki ameshika picha, mdomo wazi. Nilimsubiri kwa haki kabisa. Kisha nikapiga makofi matatu, nikamnyang'anya ng'ombe, nikamweka kwapani. Mama alijifunika uso kwa khanga. “Mama nanihii,” alisema mwalimu, “mtoto wako hana adabu hata chembe. Jumatatu mlete. Na picha yangu airudishe.” Njia nzima mama alinigombeza, na njia nzima hakuniachia mkono.

Sasa mimi ni mama, nafanya kazi Isikizya, mkoa huuhuu wa Tabora, na binti yangu Zuhura ana miaka minne. Shule yake ina ukuta uliochorwa wanyama wanaotabasamu, ina sare, ina mahafali yenye majoho. Wiki chache tangu aanze, niliitwa na kuambiwa kwa upole kwamba mtoto anaongea mno, anawauliza walimu maswali yasiyo kwenye somo, nimsaidie atulie. Nikashauriwa pia nimwekee kwenye simu programu ya kumkuzia msamiati. Nilitaka kucheka, nikashindwa. Wanamnyamazisha mchana, kisha wanataka simu imfundishe kusema jioni! Niliifungua programu yenyewe: inaonyesha tufaha, mtoto anasema tufaha kwa Kiingereza, inampigia muziki. Haimbishii, haimkasirishi, haimwambii kwamba tufaha lake limeoza. Sidai kwamba utoto wangu ulikuwa bora. Nilichapwa, niliumwa tumbo, na Mwajuma alikuwa mwizi. Lakini kila neno nililolipata nililihitaji siku hiyohiyo. Nimewaeleza walimu hayo yote kwa sauti ambayo pengine haikufaa ofisini, na wamenisikiliza kwa tabasamu lilelile la wanyama wa ukutani.

Juzi nilimpokea getini. Alikuwa ametulia kama walivyotaka. Nilimtua begi, nikachuchumaa, nikamwuliza, “Leo mmecheza nini, mwanangu?” Zuhura akasimama wima, akaweka mikono nyuma, akajibu kwa Kiingereza cha darasani, “Fain, mama.” Kisha akanitazama usoni, aone kama amepata.