Miezi Minane Mikumi

Nikiwaona akina mama wa kwaya ya kanisa letu pale Masanze, mpaka leo natafuta njia nyingine ya kupita, na wao wakiniona hawasemi neno, wananiitikia tu salamu kwa upole, na ule upole ndio unaoniua. Wangenicheka ningeshukuru. Ngoja niwaambie mwenyewe ilivyokuwa, maana nimechoka kusikia wengine wakiisimulia na kutia chumvi yao.

Kazi yangu ni kuendesha katapila, ila si la barabara, ni la kutengeneza viwanja vya gofu (ndiyo, ule mchezo wa kupiga kimpira kwa fimbo, na mimi mwenyewe sijawahi kuucheza hata mara moja). Mchoraji anakuja na ramani yake, mimi nasukuma udongo mpaka ardhi iliyokuwa tambarare inakuwa na vilima na mabonde kama ilizaliwa hivyo. Ni kazi nzuri, sikatai, lakini haina kwao. Kiwanja kikiisha unakaa na begi lako ukisubiri simu, na simu inaweza kukuambia Zanzibar, inaweza kukuambia Uganda, inaweza isikuambie kitu mwaka mzima. Nina miaka thelathini na tisa, nguo zangu zote zinaenea kwenye begi moja, na wachumba wawili wameshaolewa na watu wengine wakati mimi nasawazisha udongo.

Kabla ya Mikumi nilikuwa Rwanda. Likizo yangu ya mwisho nilikaa nyumbani siku tatu tu nikaitwa kazini, na siku ya kuondoka mama alinisindikiza mpaka barabarani akalia mbele ya watu kama amefiwa. Kaka yangu Yona (yeye ndiye mkubwa, na baba alipofariki ndiye aliyenisomesha) alimshika mama mkono, akaniambia, "Nenda mdogo wangu, mimi nipo." Kile kilio kilinikaa moyoni. Ndiyo maana mchoraji wetu, ambaye sote tunamwita Injinia, aliponipigia kusema kuna hoteli mpya nje kidogo ya Mikumi inataka kiwanja cha mashimo tisa, na kwamba ananihitaji kwa wiki mbili tu, niliamua nisiseme nyumbani kuwa nimerudi nchini. Niliona nitamliza mama tena bure. Nilikuwa na siku mbili Mikumi mama alipopiga simu.

"Uko wapi mwanangu?"

"Bado niko Rwanda, mama."

Basi. Kosa lenyewe ndilo hilo.

Wiki mbili zikawa mwezi, kwa sababu tembo walipita juu ya kazi yetu tukaanza upya, na mwezi ukawa mitatu, kwa sababu mwenye hoteli aliamka siku moja akataka bwawa lihamie upande wa pili. Kila wiki Injinia alisema tunamaliza, kila wiki tunabaki, na mimi kila Jumapili mama akipiga naendelea na Rwanda yangu. Akiuliza kuhusu baridi nasema ni kali mno (nimevua shati, jasho linatiririka). Akiuliza mbona namba ni ile ile ya Tanzania, nasema kampuni imetuunganishia. Siku moja akataka kumsalimia Mnyarwanda yeyote ninayefanya naye kazi, nikampa simu fundi bomba wetu, Muha wa Kasulu, akamwaga Kiha chake, mama akafurahi sana, akasema watu wa huko wana lugha nzuri. Tulicheka siku ile. Na mimi nilicheka.

Mwezi wangu wa tano pale, asubuhi ambayo haikuwa Jumapili, simu ikaita.

"Lameki, Yona ametutoka. Tangu jana jioni, nilikosa nguvu ya kukupigia." Aliumwa tumbo siku mbili tu, akasema, hata hospitali hawakumfikisha. Akaendelea kwa sauti iliyochoka, "Tunamzika leo saa nane. Najua huko ni mbali, usihangaike baba. Mwombee huko huko, Mungu anasikia popote."

Kutoka pale mpaka nyumbani kwa pikipiki, hata barabara ikiwa mbovu, ni saa mbili, labda na nusu. Ilikuwa saa tatu asubuhi. Nilikimbia mpaka getini, nikamwita bodaboda, nikapanda, tukaenda kama kilomita tatu, halafu nikaanza kuwaza: mtu aliyeambiwa msiba leo, akiwa Rwanda, anafikaje Masanze kabla ya saa nane? Mama ataniuliza mbele ya waombolezaji, nami nitasema nini, siku anayomzika mwanawe mmoja ndiyo siku ya kumwambia kuwa yule mwingine ni mwongo? Nikamgusa dereva begani, nikamwambia ageuze. Nikajiambia nitakwenda kesho, niseme nimepanda ndege. Kesho ikafika nikasema wiki ijayo, na wiki ijayo aibu ilikuwa imeshakua kuliko safari yenyewe. Ile saa nane nilikuwa juu ya katapila, na Injinia akapita kunisifu kwamba kilima cha shimo la sita kimekaa vizuri. Sikumwambia kuwa nimefiwa.

Mwezi wa nane kiwanja kikafunguliwa. Mahema, viti vimevalishwa vitambaa, mgeni rasmi na suti yake, vipaza sauti. Niliambiwa kutakuwa na kwaya, sikuuliza ya wapi. Basi likaingia, akina mama wakaanza kushuka na sare zao za kitenge cha bluu, wa kwanza, wa pili, wa tatu, na wa nne alikuwa mama yangu, amekonda, anashikilia mlango ili ateremke.

Mtu mwenye akili angemkimbilia mama yake. Mimi nilikimbilia kibanda cha pampu.

Nikachuchumaa humo nyuma ya mabomba nikiwasikia wanaimba. Walikuwa wamepangwa palepale kwenye nyasi fupi za shimo la kwanza, ndiko kunakopendeza kwa picha. Ghafla nasikia viatu nje, na sauti ya Injinia, "Lameki! Lameki yuko wapi, nataka nimtambulishe!" Nikarudi nyuma nijibane zaidi kwenye kona, makalio yakakandamiza swichi kubwa ya ukutani, pampu ikanguruma. Jamani. Vinyunyizio vyote vya shimo la kwanza vikaamka kwa pamoja. Nikasikia wimbo unakatika, mayowe, viti vinaanguka. Nilibonyeza ile swichi mara kumi haikurudi (ilikuwa mpya, bado ngumu), ikabidi nitoke mbio kwenda kufunga koki ya nje, mbele ya watu wote, nikateleza, nikaenda kwa tumbo kama mamba mpaka karibu na hema la wageni.

Watu walicheka kweli kweli. Hata mgeni rasmi alicheka, hotuba yake inachuruzika wino mkononi. Nikaifunga koki nikiwa nimejaa matope mpaka kwenye nyusi, na nadhani hata wakati ule bado ningeweza kupona, kwa matope yale nani angenijua? Lakini Injinia ni mtu mwema. Hakutaka nidhalilike. Akashika kipaza sauti, akasema, "Ndugu wageni, msimcheke sana huyu! Huyu ndiye Lameki wetu. Vilima vyote mnavyoviona ni mikono yake. Miezi minane yuko hapa hapa, hajakosa kazini hata siku moja!"

Wakapiga makofi. Makofi yalipoisha nikamwona mama anakuja, kitenge kimemgandia mwilini, maji yanamtiririka usoni.

"Shikamoo mama," nikasema.

Hakuitikia. Tangu nizaliwe haijawahi kutokea nimwamkie mama asiitikie. Alinitazama tu, halafu akaniuliza polepole, kama mtu anayeuliza bei ya kitu asichokielewa:

"Miezi minane?"

Akapangusa maji usoni.

"Kwa hiyo siku tunamzika Yona ulikuwa hapa."

Hakupaza sauti, lakini kila mtu alisikia, maana hakuna aliyekuwa anazungumza tena. Injinia alishusha kipaza sauti kifuani. Mama akageuka, akapanda basi, akakaa dirishani. Nilimfuata, nikasimama chini ya dirisha nikisema mambo ambayo hata mimi siyakumbuki, naye akasema neno moja tu, "Nenda ukafanye kazi yako."

Kazi yenyewe iliisha siku ile ile. Kesho yake nilibeba begi nikaenda Masanze. Shemeji yangu Tabitha, mjane wa Yona, ndiye aliyenipokea. Alinipa jembe, akanipeleka nyuma ya migomba. Mvua zilikuwa zimelishusha kaburi upande mmoja, limekaa kama bakuli. Nimesawazisha ardhi ya wageni nchi nne, na la kaka yangu lilikuwa limebonyea hivyo kwa kukosa mtu. Nililifanyia kazi mpaka jua likazama, na Tabitha alikaa pale pembeni akanisimulia zile siku mbili za mwisho, jinsi Yona alivyokuwa akimzuia mama asinipigie. "Alisema usisumbuliwe, wewe uko mbali."

Mama alikuja kuitikia salamu yangu siku ya nne.

Tangu hapo nimeapa sitamdanganya tena mtu wa nyumbani kuhusu mahali nilipo, hata kama ukweli utamliza, kwa sababu kulia kwenyewe hakumuui mtu. Sasa hivi niko Iringa, kuna kiwanja kingine, na hakuna anayejua kitaisha lini. Jumapili iliyopita nilimpigia mama nikamwambia hivyo hivyo.

"Iringa kweli?"

"Kweli mama."

"Haya," akasema, na nilisikia kabisa kwamba haamini, na siwezi kumlaumu.