Njooni Jumamosi

Sijamsamehe karani aliyeniuzia nyumba ya Same, wala sina haraka ya kumsamehe. Watu wa kanisani kwangu hunisihi niachilie. Niachilie nini? Aliniuzia mbuzi kwenye gunia, tena gunia akanishikia yeye mwenyewe.

Nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi pale mjini, nimepanga chumba kimoja. Mama yangu alibaki peke yake juu milimani, Upare Kusini, tangu baba afariki, na presha ilikuwa imempanda mpaka akaanguka shambani. Daktari alitaka mambo mawili: mama afike kliniki kila mwezi bila kukosa, na apate usingizi wa kutosha. Kutoka kwetu ilikuwa ni kuteremka kwa miguu asubuhi nzima, kisha kusubiri lori, na masika yakianza hata hilo lori hulioni. Nikaamua kununua nyumba mjini ili mama akae karibu na hospitali.

Mama hakutaka. Alilitaja jina la Same kama wengine wanavyoitaja Ulaya: nchi ya joto na upepo wa vumbi, yenye watu wa kila kabila waliokuja kutafuta kazi za mkonge na biashara, ambako angelazimika kuzungumza Kiswahili kutwa nzima. Mwisho alikubali, kwa sharti moja.

"Pawe kimya, mwanangu. Nisipolala nitakufa, na kama ni kufa, bora nifie kwangu."

Karani alikuwa amepata uhamisho na alitaka kuuza upesi. "Njooni Jumamosi," aliniambia. "Siku nyingine sipo." Nilifurahi, maana Jumapili tulikuwa na ibada.

Jumamosi hiyo uani palikuwa kimya hata ukisikia kuku wakichakura. Kwenye ukuta wa jirani paliandikwa kwa rangi ya buluu: Nyumba ya Wageni. Nilimsomea mama, akaridhika. "Watu wanaopokea wageni ni watu wema," alisema. Kwetu mgeni hupewa kitanda kizuri na kuchinjiwa kuku. Mgeni wa kulipia mama hakumjua. Mimi nilijua gesti ni nini, nikanyamaza, nikiogopa asije akabadili nia. Hilo nalo nalibeba.

Mama akamuuliza karani, "Hapa ni kimya hivi siku zote?"

"Kama unavyosikia mwenyewe, mama."

Angalieni jibu hilo! Hakusema uongo hata neno moja, shetani yule.

Tulihamia Jumatatu. Saa saba mchana makande yalikuwa hayajaiva, sufuria ikaanza kutetemeka jikoni. Ilikuwa ile miaka ya ruksa. Kabla yake tulipanga foleni ya sabuni na sukari, na redio ilikaa kabatini kwa kukosa betri. Mara kila kitu kikaruhusiwa: mitumba, vitenge, na kwa balaa langu, maspika makubwa kama makabati. Jirani alikuwa amenunua mawili na kuyaegemeza kwenye ukuta wetu. Wateja wake walikuwa madereva wa malori na wafanyabiashara, na Desemba walikuja wa sikukuu, familia nzima kutoka Dar zilizopanga vyumba wiki mbili, watoto wakipiga mpira kwenye mabati yetu na baba zao wakinywa tangu saa ya chai.

Nilikwenda kumwona mwenye gesti. Nilimwamkia vizuri, akanikaribisha soda. Nikamweleza kwamba mama yangu ni mgonjwa.

"Mwalimu, siku hizi biashara ni ruksa," alisema. "Wageni wangu wamekuja kupumzika."

"Wanapumzika kwa makelele?"

"Kila mtu na pumziko lake." Kisha akanitazama kwa huruma, na huruma hiyo ndiyo iliyonichefua zaidi. "Lakini Jumamosi si mnapata nafuu? Mke wangu Msabato. Ijumaa jua likizama anazima kila kitu, hata mimi sithubutu kugusa. Yule karani aliipenda sana Jumamosi."

Niliiweka soda chini. Siku nyingine sipo! Kumbe alikuwepo siku zote, tena amejaa tele. Damu ilinichemka hadi masikio yakawaka, na mtu wa kumpiga kibao alikuwa ameshahamia Mtwara.

Nilipeleka malalamiko kwa ofisa wa kata. Alinijibu kwamba jirani ana leseni, na jioni hiyohiyo nilimwona akicheza palepale gesti, shati nje. Walitia pamba masikioni wote. Mama naye akatia pamba, ila yake ilikuwa pamba ya kweli, niliyomnunulia dukani.

Akaanza kuishi kwa ajili ya Ijumaa. Alioga mapema, akala mapema, akakaa mlangoni kulitazama jua likizama. Kisha alilala mpaka Jumamosi alasiri. Mama yangu, Mlutheri aliyesimamia kwaya ya akina mama, aliingojea Sabato kuliko Wasabato wenyewe. Katikati ya wiki aliniuliza kwa sauti ya kitoto, "Leo siku gani?" Nikimjibu ni Jumanne, alisema, "Bado sana," na mimi nikatoka nje nisije nikalia mbele yake.

Baada ya sikukuu za Desemba ya pili alifunga nguo zake kwenye khanga. "Nilikuambia pawe kimya," alisema. Hakugomba, na laiti angegomba. Nilimsindikiza kurudi milimani nikiwa nimembebea mzigo. Masika yalipokuja alianguka tena. Vijana wa kijijini walimbeba kwa machela mpaka mahali barabara ilipokatika, wakasimama, wakarudi naye. Alifia kwake; hospitali niliyomnunulia nyumba karibu yake hakuiona tena.

Basi nikaamua kuuza. Bwana mmoja kutoka kijiji cha Kileo alinifuata shuleni. Mama yake alikuwa na kisukari, alitaka amweke karibu na hospitali. Aje lini?

"Njooni Jumamosi," nilimwambia. "Siku nyingine sipo."

Maneno yalitoka bila kigugumizi. Wiki nzima nilijiambia kwamba nami nilifanyiwa hivyo, kwamba mshahara wa mwalimu haumrudishii mtu nyumba, kwamba huyo bwana ana macho yake na masikio yake.

Walikuja. Mama yake alikuwa mfupi, na fimbo mkononi. Nilimwamkia shikamoo, akaniitikia, "Marahaba, mwanangu," akaketi kwenye kizingiti palepale mama alipokuwa akilitazama jua. Kuku walichakura. Akatabasamu.

"Hapa ni kimya hivi siku zote?"

Jibu nilikuwa nalo, nilifundishwa na bingwa. Nilifungua mdomo nilitoe, likatoka jingine.

"Hapana, mama. Ni leo tu. Rudini kesho mchana msikie wenyewe."

Mwanawe akamwinua mama yake taratibu, akamwekea fimbo mkononi. Kisha akanigeukia, macho yamemwiva.

"Sasa kwa nini ulituita Jumamosi?"

Swali hilo lilikuwa langu. Nilikuwa nimelihifadhi miaka yote nimuulize karani, na sasa nilikuwa nimesimama mlangoni kwangu, nikiulizwa mimi.