Tovuti ya Shule na Kurasa za Kamari

Ilikuwa majira yale ambayo wazazi huanza kutafuta fomu za kujiunga na kidato cha kwanza. Nilikuwa nimeketi katika ofisi ya mkuu wa shule, shule ya sekondari ya wananchi iliyo nje kidogo ya Butiama, ambayo bodi yake ninaiongoza. Tulikuwa tukizungumza juu ya paa la bwalo. Mlango ukasukumwa bila kubishwa hodi, akaingia mama mmoja, mfanyabiashara wa dagaa kutoka soko la Mwigobero mjini Musoma, ameishika simu yake kama mtu aliyekamata ushahidi wa kesi.

"Mkuu, hii ni shule au ni kibanda cha mikeka ya kamari?" Aliponiona akainama kidogo. "Shikamoo, Mzee. Samahani, sikujua kama upo. Lakini hata wewe angalia. Natafuta fomu ya mwanangu, naletewa kubeti!"

"Mama, hiyo siyo tovuti yetu," alisema mkuu wa shule. Akageuza kompyuta yake, akaandika anwani ya tovuti herufi kwa herufi. Ukurasa ukafunguka: jengo la utawala, bendera, wanafunzi mstarini. "Haya, kubeti kuko wapi?"

"Mmefuta sasa hivi mliponisikia nakuja."

"Nani amefuta, na mimi nimekaa hapa na Mzee?"

"Yule mwalimu wenu wa kompyuta. Watu wanasemaga analipwa na hao wenye kamari. Akisikia mzazi anakuja, anaficha. Akiondoka, anarudisha."

Mwalimu aliyetajwa ni binti wa miaka ishirini na kitu, mwalimu wa fizikia na kompyuta, anayefanya kazi kwa mkataba ambao bodi huuhuisha kila mwaka. Mkataba huo ulikuwa katika ajenda ya kikao chetu kilichofuata, na kabla ya kikao kulikuwa na mkutano wa wazazi siku ya Jumamosi. Yule mama alipotoka nje kupokea simu ya watu wake waliokuwa na mzigo kutoka kisiwa cha Rukuba, mkuu wa shule aliniinamia.

"Mzee, tusijisumbue. Mkataba wake usiendelee, basi. Wazazi wakishasema, wamesema."

Nilimwuliza wamesema akina nani, na waliona nini. Alirudia tu kwamba wanasema. Nimetumia sehemu kubwa ya maisha yangu nikiwa mkaguzi wa shule, na katika kazi ile neno "wanasema" halikuwa na mahali pa kukaa ndani ya taarifa. Mwalimu hafukuzwi kwa "wanasema". Nikamwita yule mama arudi, nikamwomba anioneshe alichofanya tangu mwanzo, bila kuruka hatua.

Hakuandika anwani ya tovuti. Aliandika jina la shule mahali pa kutafutia, kama watu wengi wanavyofanya, kisha akabonyeza jibu la kwanza lililokuja. Ukafunguka ukurasa wenye magurudumu ya bahati nasibu na maandishi ya lugha nisiyoijua. Nikachukua simu yangu mwenyewe. Nilipoandika anwani kamili, niliiona shule. Nilipotafuta kwa jina na kubonyeza, niliiona kamari. Nilirudia mpaka mkuu wa shule akaanza kukohoa kwa kukosa subira.

"Mama, uliyoyaona ni kweli," nilisema. "Na wewe, Mkuu, uliyoyaona ni kweli. Lakini hakuna hata mmoja wenu aliyemwona mwalimu akiyafanya."

"Sasa nani, Mzee? Shetani?" aliuliza yule mama.

"Sijui. Na wewe hujui. Tuanzie hapo."

Mwalimu alikuja na chaki vidoleni. Macho yake yalionesha kwamba habari zilikuwa zimemfikia kabla ya mwito wangu. Nilimwuliza kama ndiye aliyeweka kurasa zile, akasema hapana. Nilimwuliza kama anamjua aliyeziweka, akasema hamjui. Nilimwuliza kama anaweza kuziondoa.

"Nimeziondoa tangu asubuhi, Mzee. Zinarudi."

Nilipenda jinsi alivyojibu. Aliyekwisha kutunga uongo huwa na maelezo mengi kuliko hayo. Nikamwomba anieleze tovuti ilivyojengwa, naye akaanza na jambo ambalo sikulitarajia.

Tovuti yetu, alisema, inaendeshwa kwa programu huria, yaani programu ambayo watu wengi duniani huiunda kwa pamoja, wakaweka wazi maandishi yake yote, na yeyote huruhusiwa kuichukua, kuisoma na kuitumia bila malipo. Kwa kutumia programu hiyo, mwalimu huandika tangazo kama anavyoandika barua, akabonyeza, likaonekana kwa dunia nzima. Hahitaji kuwa fundi. Alikuwa ametaka kuichukua moja kwa moja kutoka kwa wenyewe. Ofisi ya uhasibu ya shule ilikataa.

"Ilikataaje kitu cha bure?"

Mwalimu alimtazama mkuu wa shule. Mkuu wa shule alitazama paa.

"Mzee, unazijua taratibu," alisema hatimaye. "Kitu cha bure hakina risiti. Na kisicho na risiti, mkaguzi wa hesabu atauliza kimeingiaje shuleni. Nilimwambia alete ankara za maduka matatu, achague moja."

Basi mwalimu akatumwa Musoma. Katika duka moja la steshenari, ambalo pamoja na daftari na kalamu huuza filamu na mitihani ya miaka iliyopita iliyonakiliwa kwenye flashi, alikuta programu ileile, ikiwa imepambwa tayari kwa sura nzuri. Duka lilikuwa na mashine ya risiti. Shule ikanunua kitu ambacho wenyewe hawakiuzi, kwa sababu muuzaji alikuwa na risiti na wenyewe hawana.

Sikucheka, ingawa nilikaribia.

"Lakini ndiyo maana nimekuwa nikisema vya bure vina walakini," alisema mkuu wa shule, akiwa amepata pa kushika. "Tuitupe. Tununue mfumo wa kampuni, wenye mwenyewe."

Sasa mashtaka yalikuwa mawili, moja dhidi ya mwalimu na jingine dhidi ya programu, na hakuna lililokuwa na ushahidi. Nikaamua kwenda Bunda.

Pale Bunda, karibu na stendi, kuna mama wa makamo ambaye huchapisha kadi za harusi na stakabadhi za wanunuzi wa pamba, na pia hujenga tovuti. Nilikwenda pamoja na mwalimu. Mama yule alitusikiliza huku akikata kadi kwa mashine, kisha akacheka.

"Hiyo programu, Mzee, kila mtu anaitumia."

"Kila mtu ni nani?"

Akaacha kukata. "Mwalimu, mzee wako anakuwaga hivi siku zote?"

"Leo amepoa," alijibu mwalimu. Lilikuwa neno la kwanza la utani nililolisikia kutoka kwake tangu sakata lile lianze.

"Haya, Mzee. Taja wewe mwenyewe, tuangalie."

Alinionesha namna ya kufungua maandishi yaliyo nyuma ya ukurasa, yale yanayoiambia kompyuta nini kikae wapi. Programu nyingi huacha alama zao humo, majina ya makabati zilimohifadhi picha na mapambo. Nilizitaja tovuti mimi, ili asinichagulie za kunipendeza: hoteli moja ya Musoma iliyo ufukweni, kiwanda cha kuchambua pamba, gazeti ninalolisoma, hospitali niliyolazwa mwaka juzi, chuo nilichosomea. Nyingine hazikuwa na alama ile, naye alisema hivyo bila haya. Lakini nyingi zilikuwa nayo, na nyingi zaidi ya nilivyokuwa tayari kukubali. Gazeti lile nimelisoma miaka mingi mtandaoni bila kujua kwamba limesimama juu ya msingi uleule uliobeba tangazo la fomu za shule yetu. Mama yule alinitajia pia sehemu ya tovuti za dunia nzima inayosemekana kuendeshwa kwa programu hiyo. Ni sehemu kubwa ajabu. Siiandiki hapa kwa sababu sikuihesabu.

"Kama inatumika kiasi hiki," nilisema, "basi na wezi wanaijua."

"Kuliko mkuu wenu! Mwizi akishajua kitasa cha nyumba moja, anajaribu mtaa mzima. Lakini kwa kuwa ni mtaa mzima, kila ugonjwa wake umeshaonekana na mtu, na dawa yake imeandikwa wazi. Mfumo wa siri ukiugua, unamlilia mwenyewe. Akiwa amefunga duka, je?"

Niliyasikia maneno hayo kwa furaha fulani, lakini yalikuwa bado maneno. Nikaomba nioneshwe.

Hapo ndipo nilipoanza kuiheshimu programu ile. Walichukua nakala halisi kutoka kwa wenyewe, toleo lilelile lililokuwa shuleni, wakaiweka upande mmoja wa kioo cha kompyuta. Upande wa pili wakaweka nakala yetu, iliyotoka kwenye flashi ya Musoma. Kompyuta inaweza kulinganisha yenyewe na kusema palipotofautiana. Nilikataa kuiamini kompyuta peke yake. Nikavaa miwani, nikasoma.

Kazi hiyo niliijua. Katika ukaguzi, tulipohisi kwamba watahiniwa wamenakiliana, tuliweka karatasi mbili bega kwa bega na kufuata kwa kidole. Mstari wa kwanza ulifanana na wa kwanza, wa pili na wa pili. Sikuielewa lugha yote ya mashine, ingawa katikati ya mistari kulikuwa na maelezo ya Kiingereza safi, ambamo waandishi walieleza kila sehemu inafanya nini na kwa nini. Nimesoma nyaraka za serikali zisizo na adabu ya namna hiyo kwa msomaji. Tukafika kwenye mstari ambao kwangu ulionekana mtupu pande zote mbili.

"Sogeza kulia, Mzee," alisema mama wa Bunda.

Nikasogeza. Upande wa nakala halisi hapakuwa na kitu. Upande wetu, mbali sana, nje ya mahali ambapo jicho hufika, kulikuwa na mkururo wa herufi na tarakimu zilizobanana bila nafasi, bila maelezo, bila adabu yoyote. Mtu alikuwa ameusukuma huko makusudi. Mwalimu aliufumbua kwa subira mpaka maana yake ikatoka: mgeni akija kwa anwani kamili, aoneshwe shule; akija kupitia mahali pa kutafutia, aoneshwe kamari. Ulikuwa humo ndani ya flashi tangu siku iliponunuliwa, kabla mwalimu hajaandika neno lake la kwanza. Mwenye duka naye, alipopigiwa simu, alisema aliinakili kwa mtu, aliyeinakili kwa mtu. Nilimwamini. Ni mwendo uleule wa "wanasema", ila huu ulikuwa na mashine ya risiti.

Mwalimu alivua miwani yake akaifuta kwa muda mrefu kuliko vumbi lilivyohitaji.

Ninaipenda programu ile kwa sababu moja kubwa kuliko nyingine, nayo ni kwamba mzee asiyejulikana na mtu, akiwa Bunda kati ya kadi za harusi, aliweza kuidai nakala yake halisi, akapewa, akailaza kando ya ile ya uongo na kuamua mwenyewe. Mfumo wa siri ungetutaka tuamini. Huu ulituruhusu kukagua. Nilipoendelea kuudadisi, nikakuta kwamba hutunza kila toleo la ukurasa, na jina la aliyelibadili, na saa. Kwamba mtu anaweza kupewa ruhusa ya kuandika bila kupewa ya kutangaza. Laiti ofisi nilizofanyia kazi zingekuwa na tabia hiyo.

Waliifuta nakala yetu yote, wakaweka halisi, wakarudisha matangazo ya shule, wakabadili nywila. Mkuu wa shule, kwa mkono wake, aliandika kwenye jalada kwamba programu imepokelewa bure kutoka kwa wenyewe. Aliniuliza mara mbili kama nitasaini. Nilisaini.

Jumamosi bwalo lilijaa wazazi, na padre wa parokia akiwa mstari wa mbele. Nilieleza yaliyotokea kwa utaratibu, kama nilivyoyaeleza hapa. Nilipomaliza, yule mama wa Mwigobero alisimama, simu juu.

"Mzee, nakuheshimu. Lakini nimetafuta sasa hivi. Kamari bado ipo!"

Bwalo likavuma. Nilimwona mwalimu, aliyeketi karibu na dirisha, akishika ukingo wa benchi.

"Nionesheni," nilisema.

Ilikuwa kweli: chini ya jina la shule, vichwa vya habari vya kamari vilikuwa vimejipanga vilevile. Sikuwa nimejiandaa kwa hilo. Mwalimu akasimama, akazungumza kwa sauti ndogo lakini iliyofika nyuma.

"Mama, hivyo ni vichwa tu. Mtandao wa kutafutia ulivisoma wiki iliyopita, haujarudi kuangalia upya. Utarudi. Naomba ubonyeze."

"Nibonyeze kamari mbele ya padre?"

Watu wakacheka, padre akiwamo. "Bonyeza, mama," alisema padre. "Nitakuombea."

Akabonyeza. Akaitazama simu. Akabonyeza kichwa kingine, na kingine, huku walio jirani wakimwegemea mabegani.

"Inasema ukurasa haupo," alisema, kwa sauti ya mtu aliyenyang'anywa kitu. "Halafu inaniuliza kama natafuta fomu za kujiunga."

"Basi amekosea nani?" aliuliza mzee mmoja wa nyuma, kwa uchokozi. "Mama Dagaa, mwombe mwalimu radhi!"

"Wewe nyamaza, hata simu ya kubonyeza huna." Kisha akapita katikati ya mabenchi mpaka dirishani, akasimama mbele ya mwalimu. "Sijasema chochote kuhusu kukosea. Nimesema nataka fomu ya mwanangu. Na nataka unitolee wewe, siyo mkuu."

Mwalimu alichukua ufunguo wa chumba cha kompyuta, wakatoka pamoja. Nilimwambia mkuu wa shule tuendelee na suala la paa.