Tawi Nililolikata kwenye Mpeasi wa Laeken

Wacha niseme mapema: yule binti nilimleta mimi mwenyewe. Tulikuwa tunasali kanisa moja huko Molenbeek, Brussels, yeye wa Lubumbashi, mimi wa Kivu. Aliposema anatafuta kazi ya mikono, nikampeleka Laeken kwa mjane mmoja Mbelgiji niliyekuwa namtunzia bustani mwaka wa tatu. Mtu akisema nilijitakia, hajakosea.

Nyuma ya nyumba kulikuwa na mipeasi miwili iliyopandwa na marehemu mumewe. Mashina yalikuwa mazima, lakini matunda yalipasuka na kuota madoa meusi kabla ya kuiva, kwa sababu aina ile haikupatana na mvua ya Brussels. Mjane hakutaka kuing'oa. Nikamwambia tutaibebesha: tukate matawi ya zamani, tuchomeke vikonyo, vijitawi vichanga vya aina inayovumilia unyevu, mti ubaki uleule, matunda yawe mengine. Kazi hiyo niliijua. Kivu nilikuwa monitrice, mwalimu wa kilimo, nimefufua mibuni mizee ya watu mpaka viganja vikaota sugu.

Machi tukagawana, kila mmoja na mti wake. Mjane akatuambia wazi kwamba baada ya majira hayo angeweza kubaki na mmoja wetu tu, na angeamua kiangazi. Mimi nikatulia, nikijua ni mimi. Bustani ile ndiyo ilikuwa mahali pekee Ubelgiji nilipoulizwa ninachokijua. Kwingine kote nilikuwa mtu wa kupiga deki.

Nikamfundisha binti sheria ya mibuni: usikate matawi yote, acha moja la zamani, tire-sève, livute maji kutoka mizizini mpaka vikonyo vishike vizuri na kurefuka. Akaacha moja, nami moja.

Bon. Mwezi wa tano vikonyo vyake vikachipua kabla ya vyangu. Mjane akahamishia kiti chake cha kahawa upande wa mti wa yule binti, akaanza kumwita "binti yangu". Miaka mitatu mimi nilikuwa "madame". Roho iliniuma, sifichi. Kila kitu chake kikaanza kunichukiza: kicheko chake, glovu zake safi, hata namna alivyoniita yaya, dada mkubwa, kwa heshima.

Siku moja hakuja, alikuwa na mtihani. Nikachukua msumeno, nikalikata tawi lake la zamani lote, vikonyo vikiwa bado na majani machache tu. Kwa mibuni ya kwetu hiyo ni kuua. Nilijua ninachofanya. Nikalisukumia tawi nyuma ya banda, nikapanda tramu kurudi nyumbani Saint-Josse.

Aliporudi akakiona kidonda. Akakigusa, akaninyamazia. Nikajua ananiwekea kinyongo.

Nikangoja mti ukauke. Haukukauka. Kumbe mpeasi si mbuni: tawi la zamani lilikuwa linajinyonyea maji lenyewe, na nilipoliondoa maji yote yakaenda kwenye vikonyo. Kufikia Julai vilikuwa virefu kunipita. Kwenye mti wangu, nilioutunza kwa sheria ya Kivu, tawi la zamani lilinenepa na vikonyo vikanyauka kimoja kimoja.

Siku ya kuamua mjane alitusimamisha kati ya ile miti. Aproni yangu nilikuwa nimeshaikunja mfukoni. Binti akatangulia kusema, kwa Kifaransa: "Madame, huu mti usinihesabie mimi. Mimi nilisahau kuondoa tawi la zamani. Yeye ndiye aliyenikatia nilipokuwa kwenye mtihani, na wake mwenyewe akauacha. Mtu wa kubaki ni yeye." Kisha akanigeukia: "Yaya, aksanti sana. Hata haukuniambia."

Nilitafuta dhihaka usoni mwake, sikuiona. Mjane akaniwekea ufunguo wa bustani mkononi, na kwa mara ya kwanza akaniita kwa jina langu la nyumbani. Nikafumba mkono. Kusema ukweli kungechukua maneno machache tu, na sikuyasema.

Peasi za mti ule nimezila miaka mingi, tamu kweli. Na yule binti bado namwonea wivu. Si kwa mti wala kwa mjane. Ni kwa sababu alipoliona tawi lake limekatwa, alichofikiria ni kwamba nimemtendea wema.